Kompyuta ya nyumbani imegoma kuwaka: fuata umeme mpaka ulipoishia

Mtu akiniletea kompyuta pale Mwanga, hapa Kigoma, mara nyingi imefungwa kanga na kupakatwa nyuma ya bodaboda kutoka Ujiji au Gungu, siifungui kwanza. Namuuliza: mara ya mwisho ilizimaje? Umeme ulikatika mkiwa mnaitumia? Radi ilipiga? Mliizima vizuri usiku, asubuhi ikakataa? Au imetoka safari? Jibu hilo hunipa nusu ya kazi. Mashine iliyokufa umeme uliporudi ina ugonjwa wake, iliyochoka polepole kwa wiki kadhaa ina wake, na iliyoshuka jana kwenye basi la Kasulu ina wake pia.

Ninayoeleza hapa ni ya kompyuta za mezani za zamani: Dell OptiPlex na HP Compaq zilizotumika maofisini ng'ambo, zikaja mtumba Kariakoo, zikapanda treni ya reli ya kati mpaka huku mwisho wa reli, pamoja na zile za kuunganishwa na mafundi. Boksi ambalo wengi wetu huliita CPU nitaliita boksi tu, kwa sababu CPU yenyewe ni chipu moja iliyokaa chini ya feni, na baadaye tutahitaji kuitaja.

Nyingi zinazoletwa kama maiti hazijafa. Na hata iliyokufa kweli, picha za harusi, barua za kiwanja na kazi za watoto za shule ziko kwenye hadi diski, ambayo mara nyingi bado ni nzima. Kwa hiyo nakuomba sana: usikubali mtu akupigie Windows upya kabla hajakuambia tatizo ni nini. Kupiga Windows hakutibu pawasaplai (kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) wala ramu (vipande vya kumbukumbu ya muda), ila kunaweza kufuta kila ulichokiweka kwa miaka kumi.

Kabla ya kufungua boksi

Uwe na bisibisi ya nyota, brashi mpya ya rangi iliyo kavu, ufutio mweupe wa penseli, tochi, na multimita (kipimo cha umeme) kama unayo. Chomoa waya wa umeme ukutani kabisa, usiishie kuzima swichi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma kitupu cha boksi kabla hujagusa bodi kubwa ya ndani, yaani madabodi, hasa Juni hadi Agosti hewa inapokuwa kavu, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Na piga picha kwa simu kila waya ulipo kabla ya kuuchomoa. Nimeona watu wakimaliza kazi ngumu vizuri, kisha wakashindwa kukumbuka waya mdogo wa kitufe ulichomekwa wapi.

Dalili ya 1: Kimya kabisa, hakuna taa wala feni

Anza na ukuta. Angalia LUKU kama ina uniti, kisha chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile la ekstensheni ambalo kompyuta hutumia. Tundu la pembeni halitoshi kukupa jibu, kwa sababu ekstensheni nyingi tunazonunua zina vishikio laini vya shaba vinavyolegea upande mmoja na kubaki vizuri upande mwingine. Ikiwezekana, chomeka boksi moja kwa moja ukutani. Kama huwa inapitia UPS (boksi la betri ya akiba) au stabilaiza, ipitishe pembeni kwa ajili ya kujaribu: UPS yenye betri iliyokufa inaweza kuwaka taa na kupiga kelele bila kupitisha umeme wa maana.

Halafu waya. Waya wa boksi na wa monita kwa kawaida ni wa aina moja, basi vibadilishe. Boksi likiwaka kwa waya wa monita, umemaliza. Fungua plagi uangalie fyuzi. Ya ampea 5 inatosha kompyuta ya nyumbani. Kuna tabia ya kuzungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Tafadhali, hapana. Fyuzi imekufa ili nyumba isiungue, na karatasi ile haifi.

Nyuma ya boksi, karibu na waya, pawasaplai nyingi zina swichi yenye alama I na O. Iwe kwenye I. Baadhi za zamani zina swichi nyingine ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo ndiyo namba inayotakiwa kuonekana. Mtoto akiichezea ikasomeka 115, siku utakayochomeka utasikia mlio wa "paa!" na pawasaplai imekwenda. Itazame kila mara kompyuta inapotoka mikononi mwa mtu mwingine.

Kama yote hayo ni sawa na umeme ulikuwa umekatika na kurudi, chomoa waya, bonyeza kitufe sekunde 10, uiache dakika kumi, kisha ujaribu tena. Pawasaplai ina kinga inayojifunga ikipigwa na umeme mkali, na nyingi huamka baada ya mapumziko hayo. Sisi wa Kigoma tuliokaa miaka mingi na umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia tumelijua hili kwa hasara: umeme unapokatika hauvunji vitu kama unavyovunja unaporudi. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, hesabu dakika tano ndipo uchomeke.

Sasa fungua ubavu wa boksi. Madabodi nyingi zina kitaa kidogo ambacho huwaka mara waya unapochomekwa, hata kabla ya kubonyeza kitufe. Kikiwaka, umeme umefika kwenye bodi na kosa linaweza kuwa kitufe chenyewe. Plastiki ya vitufe vya mashine za ofisi huvunjika kwa ndani. Tafuta pini mbili ambako waya wa kitufe umechomekwa, karibu kila mara pameandikwa PWR, toa waya huo, na uziguse pini hizo mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Hapo hakuna umeme wa kudhuru mtu, ila hakikisha ni pini hizo hasa. Boksi likiwaka, nunua kitufe au tumia waya wa kitufe cha kurisetia.

Kitaa kisipowaka, mshukiwa ni pawasaplai. Kwenye zile za kawaida zenye plagi ya pini 24 unaweza kuipima nje ya bodi: chomoa plagi zake zote, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote wa plagi ile kubwa kwa kipande cha waya, kisha chomeka ukutani. Feni yake izunguke. Kama una multimita, wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa zambarau uwe na volti 5 hata kabla hujaunganisha kijani. Feni kuzunguka peke yake si uthibitisho. Nimeshika pawasaplai zilizozungusha feni vizuri huku waya wa njano ukisoma 9. Na kama mashine yako ni ya ofisi yenye plagi ya umbo au rangi tofauti na hizi, usifanye jaribio hili. Ichukue hiyo pawasaplai uende nayo dukani ilivyo, kwa sababu ukubwa na plagi zake zinaweza zisilingane na za kawaida.

SIMAMA HAPA: usifungue pawasaplai yenyewe. Ndani yake umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa takriban volti 320 na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, na unaweza kubaki humo baada ya kuchomoa waya. Mulika tochi kwenye matundu yake tu. Mara kadhaa nimekuta mjusi aliyekauka, maana hupenda joto la mle ndani usiku. Usimchokonoe kwa kijiti. Badilisha pawasaplai, au mpe fundi wa elektroniki anayejua kuitoa chaji kwanza.

Dalili ya 2: Inawaka kidogo, inazima

Hesabu sekunde. Ikizima ndani ya sekunde moja au mbili, kuna shoti mahali na pawasaplai inajikinga. Ikidumu nusu dakika mpaka dakika chache ndipo izime, ni joto.

Ya sekunde mbili: chomoa kila kitu cha nje, yaani printa, flashi, spika, hata kibodi. Kisha mulika matundu ya USB ya mbele. Flashi zikichomekwa kwa nguvu au kinyume, vijipini vya ndani hujikunja na kugusana, na mashine nzima hukataa kuwaka kwa ajili ya kitundu hicho kimoja. Ukikuta hivyo, chomoa kebo ya USB za mbele kwenye bodi, uendelee na za nyuma. Kisha tafuta skrubu iliyodondoka chini ya bodi. Boksi lililosafiri ukiliinamisha na kulitikisa polepole utaisikia. Mwisho, hakikisha plagi ndogo ya pini 4 iliyo karibu na CPU imekaa. Husahaulika sana na waliotangulia kufungua.

Ya joto: feni ya CPU ama haizunguki ama imezibwa. Vumbi letu jekundu likichanganyika na moshi wa jikoni hutengeneza kitu kama blanketi kati ya feni na chuma chake cha kupozea. Toa kwa brashi kavu, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Najua wengi hupeleka kwa fundi pancha wapulizie kwa kompresa. Mtungi ule una maji na mafuta ndani, na hewa yake ina nguvu ya kung'oa vipande vidogo vya bodi. Nimepokea mashine zilizokuwa na vumbi tu zikaenda huko na kurudi zimelowa.

Ukishika chuma cha kupozea kikacheza, vishikio vyake vimelegea au vimevunjika, jambo la kawaida kwa zilizopakiwa chini kwenye buti la basi. Ukikitoa, lazima uweke pesti mpya ya joto, kiasi cha punje ya choroko katikati. Dawa ya meno haifai: siku chache inakauka na CPU inarudi kuchemka.

Dalili ya 3: Feni zinazunguka, kioo cheusi

Hii ndiyo naipokea kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huambiwa "madabodi imekufa, nunua nyingine". Nenda nayo taratibu.

Kwanza jua kama kompyuta iko hai. Subiri dakika moja, kisha bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Kitaa chake kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta inafanya kazi na mgonjwa ni kioo. Chomoa kebo ya picha kwenye boksi huku monita imewashwa. Monita nzima itaandika kwamba haipati mawimbi. Isipoandika kitu, mulika tochi kwenye kioo kwa ubavu. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Jirani ana monita? Iazime kwa dakika tano.

Angalia pia tundu la picha. Kama boksi lina kadi ya picha, nyuma kutakuwa na matundu mawili ya VGA: moja limepangwa pamoja na USB, jingine liko chini limelala. Tumia la kwenye kadi. Mama mmoja wa Katonga alikaa miezi bila kompyuta kwa sababu walipofagia chumba walirudisha kebo tundu lisilo lake.

Kama Num Lock haijibu, sasa ni ramu. Kwa uzoefu wangu hapa ndipo zinapopona nyingi. Watu husema ni chumvi ya ziwa. Tanganyika ni maji baridi, halina chumvi ya kula vyuma kama bahari ya Tanga. Kinachotusumbua ni unyevu. Masika, mashine isiyowashwa wiki mbili hupata utando mwembamba kwenye meno ya dhahabu ya ramu, na utando huo unatosha kukata mawasiliano. Hali ni hiyohiyo kwa mashine iliyoteremka kutoka kwenye baridi ya milimani Kasulu kuja kwenye joto la mwambao: iache saa mbili tatu ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha, kama vile chupa ya baridi inavyotoka jasho mezani.

Chomoa waya, toa ramu, sugua meno yake pande zote mbili kwa ufutio mweupe mpaka yang'ae, pangusa makombo kwa kitambaa kikavu. Usitumie msasa, dhahabu ile ni nyembamba, ukiikwangua mara moja kutu inaanza. Safisha tundu kwa brashi. Rudisha kipande kimoja tu, ukisukuma mpaka vishikio vya pembeni vifunge vyenyewe kwa mlio. Washa. Ikikataa, hamishia tundu jingine. Ikikataa tena, jaribu kipande cha pili peke yake. Ni kazi ya kuchosha lakini ndiyo inayokuambia kama kibovu ni kipande au tundu. Ukiazima ramu, linganisha pengo la katikati: ramu za aina ya DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, ila pengo liko mahali tofauti na volti zake ni tofauti, 1.8 na 1.5. Isiyoingia kwa urahisi si yake.

Kuna jaribio moja ninalolipenda. Toa ramu zote, washa bila ramu hata moja. Kama boksi lina spika ndogo ya ndani na sasa linapiga mlio wa kulalamika, furahi: madabodi na CPU vinaishi, na kosa liko kwenye ramu. Kama lilikuwa kimya na linabaki kimya, tatizo liko ndani zaidi.

Milio yenyewe haina lugha moja, kila mtengenezaji ana yake. HP Compaq nyingi za ofisi hupepesa taa nyekundu na kulia: mara 2 ni joto, mara 4 ni umeme, mara 5 ni ramu, mara 6 ni picha. OptiPlex nyingi zina vitaa vyenye namba 1 hadi 4 mbele au nyuma. Piga picha vilivyowaka, fundi ataelewa.

Ramu ikiwa salama, toa betri ndogo ya mviringo kwenye bodi, CR2032, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Subiri dakika kumi, irudishe. Hiyo hufuta mipangilio iliyovurugika ya biosi, programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta. Ipime: mpya ina volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.7, badilisha. Bei yake haifikii kilo ya dagaa, na kuna bodi za zamani ambazo hazionyeshi chochote betri ikifa. Lakini kabla ya kuitoa, soma Dalili ya 5 kuhusu mpangilio wa diski, isije ikakuletea tatizo jipya.

La mwisho ni kapasita. Ni vile vipipa vidogo vilivyosimama kuzunguka CPU. Juu viwe bapa. Vilivyovimba kama mkate, au vyenye ukoko wa kahawia, vimeoza. Bodi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi ziliathirika duniani kote kwa sababu ya kemikali mbovu iliyowekwa ndani ya vipipa hivyo. Dalili yake ni mashine inayowaka ukibonyeza mara ya nane au ya kumi, na kila wiki idadi inaongezeka. Kubadilisha ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kuchomelea kinachodhibitiwa joto, maana bodi hizi zina tabaka nyingi na huungua upesi. Vikiwa viwili vitatu, inalipa. Vikizidi hapo, mimi humshauri mwenye mali atafute boksi jingine la mtumba na tuhamishie diski yake.

Dalili ya 4: Inaandika maneno meupe kisha inakwama

Hii ni habari njema, kwa sababu umeme, ramu, CPU na picha vyote vimefaulu.

"CMOS checksum error", pamoja na saa iliyorudi miaka mingi nyuma, ni betri ya CR2032. Ujumbe unaolalamikia kibodi ni kebo iliyolegea. Ukitaja feni ya CPU, usibonyeze F1 kuendelea. Zima, urudi kwenye habari ya joto.

"Operating system not found", "No bootable device", "BOOTMGR is missing", au "NTLDR is missing" kwa zenye Windows XP: kabla hujaogopa, toa flashi, sidii na kadi zote. Kompyuta inajaribu kuanza kutoka kwenye flashi yako ya nyimbo. Ikiendelea, ingia kwenye biosi, kwa F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, na Delete kwenye nyingi za kuunganishwa. Jina la hadi diski likionekana, diski inaonekana ila faili za kuanzia zimeharibika, na sidii au flashi ya Windows ina chaguo la kurekebisha uanzishaji bila kufuta kitu. Jina lisipoonekana, badilisha kebo ya data na tundu lake kwenye bodi. Kebo hizo nyembamba huchakaa kuliko watu wanavyodhani.

Dalili ya 5: Nembo ya Windows inatokea, inajizima na kuanza upya

Kama umeme ulikatika katikati ya apdeti, ipe saa mbili na usiiguse. Ikizunguka tu, kwenye Windows 7 bonyeza F8 mfululizo mwanzoni uchague kuanza kwa usanidi wa mwisho uliofanya kazi. Kwenye Windows 10, ikikatizwa mara mbili tatu inapoanza, yenyewe huleta ukurasa wa marekebisho.

Lakini kioo cha bluu chenye 0x0000007B nataka ukikumbuke. Mwalimu mmoja mstaafu alibadilishiwa betri ya CMOS (ileile CR2032), kazi ya dakika mbili, na mashine ikaanza kutoa kioo hicho. Akaambiwa Windows imeharibika, ipigwe upya, na humo alikuwa na maandiko yake ya miaka. Kilichotokea ni hiki: betri ikitoka, biosi husahau namna ilivyokuwa ikizungumza na diski, ikarudi ya kiwandani. Namna hizo ni mbili, AHCI na IDE: Windows iliyowekwa kwa mpangilio wa AHCI haianzi kwa IDE, na kinyume chake. Niliingia kwenye biosi, nikatafuta mstari wa SATA (muunganisho wa diski), nikageuza, ikawaka na kila kitu chake. Jaribu huo mstari kabla ya kitu kingine chochote. Ukigeuza na haisaidii, rudisha ulivyoukuta.

Dalili ya 6: Diski inagonga "tik, tik, tik"

SIMAMA HAPA na uzime sasa hivi. Mlio huo ni kichwa cha kusomea kikikosa njia, na kila dakika inayowaka inaweza kukwaruza sahani zenye kazi zako. Usiipige programu ya kurekebisha diski, usiigonge, wala usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana watu. Kama ulichonacho humo hakina nakala na kina thamani, itoe, ifunge kwenye kitambaa kikavu, utafute mtaalamu wa kuokoa data.

Kama haigongi ila ni nzito na inakwama, bado una nafasi. Tengeneza flashi ya Linux Mint kwenye kompyuta ya mtu mwingine, iwashe nayo bila kuisakinisha, kisha kopi kazi zako kwenye diski ya nje. Mashine iwe na ramu ya GB 2 au zaidi. Kopi barua na picha kwanza, sinema mwisho. Ukaguzi wa diski uje baada ya kukopi.

Dalili ya 7: Inakupiga shoti, inanuka, au imepigwa na radi

Mwasho wa mkononi ukigusa chuma cha boksi kwa kawaida unamaanisha nyumba haina ethi (waya wa ardhini), au plagi imekatwa mguu wa tatu. Kichujio cha ndani ya pawasaplai hutegemea ethi. Isipokuwepo, chuma cha boksi hubeba karibu nusu ya umeme wa ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini mtoto mwenye miguu mibichi sakafuni hapaswi kuugusa. Mwite fundi umeme wa nyumba apime ethi. Ukihisi kupigwa kwa nguvu kuliko mwasho, zima swichi kuu na usiitumie tena mpaka apime.

Moshi, harufu ya plastiki, au maji ya mvua yaliyoingia kutoka batini: zima ukutani, usijaribu "mara moja tu nione". Iliyolowa ikae wazi kivulini siku kadhaa, betri yake ya CR2032 ikiwa nje. Iliyopigwa na radi, mpe fundi pamoja na ruta na monita, kwa sababu radi mara nyingi huingia kwa njia ya kebo na kuacha pawasaplai ikiwa nzima.

Unapoipeleka kwa fundi

Mwandikie kwenye karatasi: ilizimaje mara ya mwisho, milio mingapi, taa zipi, na ulishajaribu nini. Toa hadi diski mwenyewe kama tatizo halihusu diski. Kwa kawaida hushikwa na skrubu nne, na fundi anaweza kupima kuwaka bila hiyo. Kama lazima ibaki, bandika karatasi juu yake: ISIFUTWE, ISIFOMATIWE BILA KUNIPIGIA. Mwombe akuonyeshe kipande kibovu alichotoa, iwe kapasita, ramu au pawasaplai, na akibadilisha diski, ile ya zamani irudi nyumbani na wewe.